Timu ya Kwenye Simu na Dhima ya Mwenye Kuongoza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu. Amma baad.

Tumeulizwa na vijana wa darasa letu suala ambalo mwanzo lilionekana dogo, na lilipochambuliwa likaonekana si dogo. Wao, na wenzao wengi katika nchi hii ya chai, kutoka Kericho mjini hata Litein, Sotik na Bomet, huongoza timu za mpira zisizo na uwanja, wala mpira, wala jasho. Timu hizo zimo ndani ya simu. Suala lao ni hili: mtu anayenunua na kuuza wachezaji katika mchezo huo, akamweka huyu benchi na kumtupa yule, je, iko dhima yoyote juu yake? Au ni jambo lisilopita ncha ya kidole kinachobonyeza?

Majibu mawili yamekwisha tolewa vibarazani. Wa kwanza wasema: mchezo ni mchezo, na asiyekuwapo hadhulumiwi. Wa pili wasema: hayo yote ni haramu tupu, na simu yenyewe ni mlango wa shetani. Sisi twaona kila kundi limeshika ncha moja ya kamba likaiacha kamba yenyewe. Na kwa kuwa kanuni ya wanavyuoni wetu ni kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu, natuanze kwa kukifahamu kitu chenyewe.

Michezo hii ni ya namna nyingi. Ulio mashuhuri katika nchi yetu ni ule uitwao Fantasy Premier League, uliofungamana na Ligi Kuu ya Uingereza, nao ulianza msimu wa 2002/03. Mtu hupewa fedha za kubuni, milioni 100, anunue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wala haruhusiwi kuchukua zaidi ya 3 kutoka klabu moja. Mchezaji wa kweli akifunga bao kule London au Liverpool, mwenye timu hapa Kericho huongezewa pointi; na akiwa amemfanya nahodha, pointi zake huzidishwa mara mbili. Akitaka kubadilisha wachezaji kupita kiasi alichopewa, hukatwa pointi 4 kwa kila mmoja. Waongozao timu za namna hii ulimwenguni wamepita milioni 10.

Namna ya pili ni mchezo ambao mtu huwa kocha na mtawala wa klabu nzima. Ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, waliutoa mchezo kama huo mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager, na tangu 2004 kazi yao imeendelea kwa jina la Football Manager. Humo kila mchezaji ana jedwali lake: kasi, ujasiri, bidii, hata uwezo wa kuongoza wenzake, kila sifa imepewa nambari tangu 1 hata 20. Na Australia, ambako wana mpira wao wa namna nyingine, ulioandikiwa kanuni mjini Melbourne mwaka 1859 na huchezwa na watu 18 kila upande, nako wamejitengenezea michezo ya jinsi hiyo. Mwongozaji hukabidhiwa orodha ya wachezaji, na msimu ukiisha hana budi kuyafuta majina ya baadhi yao ili vijana wapya wapate nafasi, kama zifanyavyo klabu za kweli za huko. Jina hufutwa, jina jingine huandikwa, na mchezo huendelea.

Sasa tutenganishe mambo yaliyochanganywa. La kwanza ni mchezo kwa kuwa ni mchezo. Dini yetu haikukataza furaha. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akawaacha, na alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Imam Ghazali naye ameeleza kwamba moyo huchoka kama uchokavyo mwili, na kwamba mchezo wa kiasi humrudishia mtu nguvu ya kazi. Mfano ulio karibu zaidi na suala letu ni sataranji, mchezo wa mfalme, waziri, farasi na askari wa mbao. Wanavyuoni wengi waliukataza. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, aliuona ni makuruhu wala hakuuharamisha, maadam hauna kamari ndani yake wala haumshughulishi mtu na Sala yake. Basi asiyeuharamisha ule hana hujja ya kuuharamisha huu kwa asili yake tu. Lakini akumbuke masharti mawili aliyowekewa.

La pili ni fedha. Katika ligi nyingi za vijana, kila mmoja hutuma shilingi kadha kwa M-Pesa mwanzo wa msimu, na mwisho wake mwenye pointi nyingi huzoa zote. Watu hulipa jambo hili jina zuri, wakaliita mchango. Mchango ni wa maziko, wa mgonjwa, wa karo ya yatima. Ama fedha ambazo kila mtoaji ametoa kwa tamaa ya kuzichukua za mwenzake, huku akijua kwamba asipopata atapoteza, hiyo ni kamari, na kamari haibadiliki kwa kubadilishwa jina. Anayetaka kucheza aiondoe pesa. Akiona kwamba pesa ikiondoka na utamu umeondoka, basi amekwisha jua alichokuwa akikipenda.

La tatu ni wakati. Mtu anayekesha akihesabu pointi hata Alfajiri ikampita, au karani anayefungua timu yake ilhali wachumaji wamepanga foleni na majani yanapata joto ndani ya magunia, huyo hahitaji mufti. Amekula haki ya Mungu au haki ya waja, na jambo lake li wazi.

Hayo matatu twayataja ili yasituzuilie njia, kwani suala la vijana wetu lilikuwa jingine. Waliuliza juu ya uongozi wenyewe. Tuchukue mtu asiyetia pesa, asiyeacha Sala, asiyepoteza kazi. Je, katika kuwatumia na kuwatupa watu wasiokuwapo, kuna jambo lolote la kuulizwa?

Twasema kwanza, kwa insafu: mchezaji aliyeumbwa kwa nambari hana haki juu yako. Hana njaa, hana mke, haoni haya anapowekwa benchi. Kumwuza si dhulma, na kumfuta si kumvunjia heshima. Anayesema kwamba kijana aliyefuta jina ndani ya simu amemdhulumu mtu, huyo amelishusha neno dhulma hata limekuwa jepesi, na neno hilo likiwa jepesi ni wanyonge wa kweli watakaopata hasara. Dhulma haina budi iwe na mdhulumiwa.

Lakini hapa pana tofauti ambayo wengi huipita. Katika mchezo wa namna ya pili, mwongozaji anaweza kuwa na wachezaji wa kubuni kabisa. Katika ule wa Ligi Kuu, nyuma ya kila jina yuko mtu wa kweli. Yule mshambuliaji ana mama yake, ana goti lake, ana siku zake za kuugua. Sasa mtazame kijana ambaye mwenzake amemchukua mshambuliaji huyo naye hakumchukua. Mechi ikianza, moyo wake waomba nini? Waomba aanguke, aumie, atolewe kwa machela. Na akiumia kweli, kibanda kizima cha kutazamia mpira husikia vigelegele vya mtu aliyefurahi kwa kuvunjika mguu wa binadamu asiyemjua wala hakumkosea. Wanavyuoni wameieleza hasadi kuwa ni kutamani neema imwondokee mwenye nayo. Hapa neema ni afya ya mwili, na mwenye nayo ni mtu hai. Katika jambo hili hatusemi tena kwamba hakuna aliyekusudiwa. Yupo, ijapokuwa hajui. Na wako wasioishia moyoni, bali humwandikia mchezaji matusi kwa kuwa amekosa penalti na kuwapotezea pointi. Hao wametoka katika mchezo, wameingia katika maudhi ya kweli.

Kisha twasema: kila tendo lina pande mbili. Uko upande unaomfikia mwingine, nao ndio tuliokuwa tukiuzungumza. Na uko upande unaobaki kwa mtendaji. Tendo lisilomfikia yeyote laweza kumbakia mtendaji. Mtu akikaa peke yake kila siku akisema uwongo mbele ya ukuta, ukuta haukudanganyika, bali ulimi umezoea. Tabia hujengwa kwa kukariri, na wahenga wamesema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Basi yafaa tuulize: mtu anayekariri mchezo huu miaka na miaka, anazoea nini?

Anazoea mambo mawili. La kwanza ni kumsoma mtu kwa nambari kisha kumkatia shauri hapo hapo. Huyu ana 14, yule ana 11; huyu abaki, yule aende. La pili ni kukata shauri pasipo kubeba uzito wake. Anayeuzwa halii, mkewe haji mlangoni, na mambo yakiharibika mwongozaji aweza kuifunga timu akaanza nyingine upya, kana kwamba hapakutokea kitu.

Hapa kijana mmoja mwerevu atatupinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: “Sheikh, watu wamecheza sataranji karne nyingi, wakatoa mhanga askari wa mbao maelfu kwa maelfu, wala hatukuona kwamba wachezaji wake wamekuwa wauaji. Na huenda mwongozaji mkali wa timu ya simu akawa ndiye mpole wa watu nyumbani.” Twamjibu: umesema kweli, na kwa hivyo sisi hatusemi kwamba mchezo humgeuza mtu kwa lazima. Lakini askari wa mbao hana jina, hana umri, hana jeraha la paja, wala hasemi kwamba hana furaha klabuni. Mchezo wa leo umeazima uso wa binadamu na lugha itumikayo kwa binadamu. Maneno yale yale ambayo kijana huyatumia juu ya timu yake usiku, “huyu mzigo, huyu amekwisha, huyu tumtoe”, ndiyo maneno yatumikayo mchana juu ya vibarua. Mlango kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na mtu hupita bila kujua kwamba amepita.

Na tuseme wazi jambo ambalo wazee wanaolaumu simu hawapendi kulisikia: nambari haikuja na simu. Katika nchi hii ya Kericho na Bomet, nambari ilitangulia. Tangu makampuni makubwa ya chai yalipoanza kupanda hapa katika miaka ya 1920, mtu wa shambani amekuwa akijulikana kwa kilo zake. Anachuma majani mawili na kichipukizi, anajaza kapu, anapeleka kwenye mizani, karani anaandika. Mwisho wa mwezi, kwa watu walio juu, mtu huyo ni mstari katika daftari. Mkulima mdogo naye, tangu ilipoundwa KTDA mwaka 1964, hupeleka majani yake kituoni yakapimwa vivyo hivyo, naye akawa nambari yake ya ukulima na uzito wa majani yake.

Je, mizani ni mbaya? Hasha. Lau si mizani, mchumaji angalipewa akadiriavyo nyapara, na mpole angalipunjwa na mwenye jamaa angalipendelewa. Sura nzima ya Qurani, ya 83, imepewa jina la watu wanaopunja vipimo, kwa ukubwa wa jambo hilo. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba nambari ni adui wa utu. Nambari iliyopimwa kwa haki ni ngao ya mnyonge. Kwa nini basi twaiogopa?

Jawabu letu, nalo ndilo kiini cha makala haya, ni kwamba nambari ni shahidi, wala si kadhi. Shahidi husema alichokiona: leo mtu huyu amechuma kilo kadha. Hakuona kwamba alilala macho kwa homa ya mtoto. Hakuona kwamba ubao aliopangiwa ulikuwa umekwisha chumwa juzi, wala kwamba mvua ya mawe iliupiga. Kadhi mwema humsikiliza shahidi, humheshimu, kisha huuliza: je, yako mengine? Katika mchezo wa simu hapana mengine. Mchezaji ni jumla ya nambari zake, na nyuma ya nambari hapana mtu wa kuulizwa. Kwa hivyo humo mwongozaji hakosei anapomgeuza shahidi kuwa kadhi, maana hakuna kadhi mwingine. Kosa huanza anapolichukua desturi hilo akaenda nalo mahali penye watu.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), aliyetawala tangu 634 hata 644. Yeye ndiye aliyeweka diwani, yaani daftari la dola, yakaandikwa majina ya watu na mafungu yao kutoka hazina. Hakuidharau nambari, aliianzisha. Lakini yeye huyo huyo ndiye khabari zake zinazosimuliwa mpaka leo, jinsi alivyokuwa akizunguka Madina usiku, akamkuta mama ameinjika chungu kisicho na chakula ili watoto wanyamaze walale; akarudi hazina, akajitwika gunia la unga kwa mgongo wake mwenyewe. Mama yule hakuonekana katika daftari. Alionekana kwa miguu. Lau Umar angalikuwa na daftari peke yake, watu wangalilala na njaa kwa hesabu sahihi. Na lau angalikuwa na miguu peke yake, angalimlisha mmoja na kuwasahau elfu. Uongozi ni daftari na miguu pamoja.

Sasa tuyatazame mambo ya nchi yetu ya miaka hii ya karibuni. Mwaka 2022 kampuni ya Unilever ilikamilisha kuuza biashara yake ya chai, na mashamba ya Kericho yalikuwa ndani ya mauzo hayo. Mnunuzi alikuwa kampuni ya uwekezaji iitwayo CVC. Mwaka 2023 yakatangazwa mauzo ya mashamba ya James Finlay kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Hatusemi kwamba kuuza shamba ni haramu. Biashara ni halali. Twasema tu kwamba maelfu ya watu waliamka asubuhi, wakaenda kwenye ubao ule ule, wakavuna mmea ule ule, nao wamekwisha hama klabu pasipo kuhama nyumba. Waliokata shauri walikuwa na majedwali. Huenda majedwali yale yalikuwa sahihi kabisa.

Na Mei 2023 watu wenye hasira waliziteketeza mashine za kuchumia chai hapa Kericho. Kuchoma mali ya mtu si njia, na sisi hatuitetei. Lakini mwenye akili huuliza moto ulitoka wapi. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, na kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Kitu kisichomo kwenye karatasi ni kwamba katika shamba kubwa nyumba hufuatana na kazi. Kazi ikiondoka, nyumba nayo huondoka, na mtoto huondoka katika skuli yake, na ajuza aliyekuwa akitegemea mshahara ule hubaki akitazama njia. Katika mpira wa simu, jina likifutwa, pale palipofutwa ni peupe. Katika nchi ya chai, pale palipofutwa pana mtu amesimama.

Tumepima mambo ya wakubwa. Natupime na ya wadogo, kwani huko ndiko vijana wetu waliko. Wako wanaocheza mchezo huu ambao asubuhi ni makarani wa mizani, manyapara, walimu, makocha wa timu za vijiji. Kocha wa kweli wa kijiji naye ana wachezaji 15, na hawezi kuwachezesha zaidi ya 11 kwa mara moja. Beki wake amepunguza kasi. Katika simu jawabu ni moja: mwuze. Uwanjani jawabu halijulikani mpaka kocha amwulize. Pengine kijana ametoka zamu ya usiku kiwandani, akapanda mlima kwa miguu, akaja uwanjani bila kulala. Pengine hana viatu vya kumfaa. Pengine, na hili nalo hutokea, ni mvivu, na kumweka benchi ndiyo haki yake na haki ya wenzake. Maana huruma isiyotaka kujua ni upofu kama ulivyo ukali usiotaka kujua. Sisi hatumwambii kocha asimtoe mchezaji. Twamwambia asimtoe kabla ya kumwuliza, na akimtoa amwambie yeye mwenyewe, uso kwa uso, sababu yake. Jambo hilo moja mchezo wa simu hauwezi kumfundisha, kwa sababu humo hapana uso.

Wala hatukanushi kwamba mchezo una mafunzo. Mtu huzoea kuishi ndani ya kiasi cha fedha alichopewa. Huzoea kusubiri, kwani anayebadilisha timu kila wiki kwa pupa hukatwa pointi. Huzoea kwamba sifa za jana hazifungi mabao ya leo. Na huzoea kushindwa mbele ya wenzake bila kununa. Haya ni mafunzo mema, na kijana anayeyachukua kutoka mchezoni hadi dukani kwake hatumlaumu, bali twampongeza. Twataka tu ajue ni lipi la kuchukua na lipi la kuliacha mlangoni.

Basi, kwa kufupisha, haya ndiyo tunayowanasihi vijana wetu:

Kwanza, ondoeni pesa. Cheze anayecheza kwa furaha tu.

Pili, Sala na kazi ya mtu aliyekuajiri visiguswe kwa ajili ya timu isiyokuwapo.

Tatu, katika mchezo wenye wachezaji wa kweli, usimwombee yeyote shari. Ukijiona umefurahi kwa jeraha la mtu, iache timu hiyo hata mwisho wa msimu. Dawa chungu huponya. Na ukiweza, mwombee apone, ijapokuwa yuko katika timu ya mshindani wako.

Nne, lugha ya mchezo ibaki mchezoni. Usimwite mfanyakazi mwenzako mzigo, wala usiseme juu ya mtumishi wa nyumbani kwamba umembadilisha. Mtu habadilishwi, mtu huagwa.

Tano, kila mwenye watu chini yake, hata wakiwa wawili, ajiulize kila Ijumaa: ni nani kati yao ambaye mimi namjua kwa nambari yake peke yake? Kisha amwendee huyo.

Hatutaacha kalamu bila ya kuwaelekea wazee wetu, nao ndio wengi wa wanaosoma karatasi hii. Mmetuletea mashtaka ya vijana na simu zao, nasi tumeyasikia. Lakini tazameni tunavyoongoza sisi. Katika kamati zetu za misikiti, imamu huondolewa kwa sauti ya mkutano wa nusu saa, naye akapata khabari njiani kutoka kwa muuza mkaa. Mwalimu wa chuo aliyesomesha watoto wetu miaka 20 hukoma kulipwa kwa kuwa idadi ya wanafunzi imepungua, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza anakula nini. Mwanafunzi maskini hujulikana kwetu kwa deni la ada kabla ya kujulikana kwa jina la baba yake. Watu hawa si wa kubuni. Wana haki juu yetu, na tutaulizwa juu yao, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na kwamba hapana mchungaji asiyeulizwa kundi lake.

Kijana aliyefuta jina kwenye simu atasimama mbele ya Mola wake, na jina lile halitasimama pamoja naye, kwani halikuwa na mwenyewe. Sisi je? Majina tuliyoyafuta sisi yana wenyewe. Anayetaka kujua kama yuko salama asianze kwa kuitazama simu ya mwanawe. Aanze kwa kulifungua daftari lake mwenyewe, kisha avae viatu, atoke, akawatazame walioandikwa ndani yake.

Wallahu aalam.